Timu Ilipokuja Kuposa

Mimi ni mtu wa shaka, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Nikinunua maziwa nayaonja palepale dukani. Fundi akiniambia cherehani imepona, nashona nayo kitambaa kibovu yeye akiwa amesimama, asiondoke kwanza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema malaika watakaponijia kaburini kunihoji, mimi ndiye nitakayeanza kuwauliza wametumwa na nani. Kwa hivyo kaka yangu alipotaka mtu wa kumchunga binti yake katika ligi ya taifa ya mpira wa vikapu ya wanawake, hakuhangaika kutafuta mbali.

Binti huyo nimemlea mimi. Mamake alipojifungua mapacha, yeye aliletwa kwangu akae kwa muda, na muda ule haukwisha. Nyumba yangu iko hapa Voi, nyuma ya soko. Chumba cha mbele nashonea mabuibui na sare za shule, cha nyuma ni cha kulala, na tangu mume wangu atangulie mbele ya haki tulikuwa tukiishi wawili. Alirefuka mapema. Akiwa darasa la saba alikuwa tayari anabadilisha balbu bila kupanda kiti. Shuleni wakamwona, wakampa mpira, na alipomaliza kidato cha nne timu ya wanawake ya Voi, ambayo ilikuwa imepanda ligi ya taifa mwaka uliotangulia, ikamtaka.

Kaka yangu hakupenda. Yeye ana duka la misumari na mabati, na ingawa babu yetu alikuja hapa kutoka Mombasa enzi za reli, mpaka leo anaishi Voi kama abiria aliyeshuka kununua maji treni ikamwacha. Alisema mtoto wa kike wa nyumba yetu hawezi kukimbia mbele ya watu akivaa kaptura. Binti hakubishana. Aliacha kula kwa adabu, yaani alikaa mezani, akashukuru, akaondoka na sahani ikiwa vilevile. Baada ya siku kadhaa za hivyo, kaka yangu akaja kwangu na sharti lake. Niende na binti kila mechi, nyumbani na ugenini, na siku nitakayoona jambo lisilofaa niseme.

“Sitakuuliza ni jambo gani,” akaniambia, binti akiwa amesimama mlangoni. “Wewe niambie tu atoke, na atatoka.”

Binti akaniangalia. Kuanzia dakika ile nilijua mpira wake wote uko mdomoni mwangu, na yeye alijua vilevile.

Nilianza kazi yangu siku ya mazoezi ya kwanza. Kiwanja chenyewe ni saruji iliyopasuka nyuma ya shule, na upepo ukivuma unaleta vumbi jekundu mpaka mpira unabadilika rangi. Kocha alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa watu wa bara waliohamia kulima huku chini, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye juu ya mavazi. Kabla sijafungua kinywa akatoa kwenye mkoba suruali ndefu nyeusi ya kubana, fulana nyeusi ya mikono mirefu, na kilemba cheusi kisicho na pini.

“Sheria inaruhusu, mama,” akasema. “Mradi rangi iwe moja na kilemba kisiwe na kitu cha kuchoma wenzake.”

Mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza mtu aliyejiandaa hivyo kabla ya kuulizwa anaficha nini. Nilikichukua kilemba nyumbani, nikakifumua, nikakishona upya kwa mpira wa kiuno uliokaza zaidi, kisha nikakivuta kwa mikono yangu yote miwili juu ya kichwa cha binti mpaka akalalamika masikio.

Wasichana wa timu waliniita CCTV. Walidhani sisikii. Kulikuwa na mmoja wa Taveta, mweupe wa meno na mwepesi wa kucheka, na siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake, “Wee, chunga, CCTV iko on, inarekodi mpaka vile unafunga viatu.” Nilimwangalia tu. Baadaye, tukiwa safarini, aliona sili nyama ya hoteli kwa sababu sijui nani kachinja, akanifungulia mfuko wake akanipa ndizi za kwao. “Hii haina mchinjaji, auntie,” akasema. Nilizikagua zote maganda kabla ya kula, lakini nilizila, na kuanzia hapo kila safari alinibebea.

Jambo la kwanza nililoona nililiona kwenye mechi ya nyumbani. Binti alikuwa akipanda na mpira, anaudunda taratibu, mara akanyanyua ngumi hewani. Muda kidogo baadaye akagusa kichwa kwa vidole viwili. Kisha akapiga paja. Nikageuka haraka nione anamwashiria nani. Upande ule wa kiwanja, katikati ya watoto wa shule, alisimama kijana mmoja mtanashati na beseni la mayai ya kuchemsha. Ngumi ikanyanyuliwa tena, na kijana, naapa, akatabasamu. Sikuangalia mpira tena. Nilimkodolea yule kijana macho robo zote zilizobaki, akihama nahama, mpaka akaja kuniuliza kwa heshima kama nataka mayai.

Jioni nilimbana binti. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kuwa ngumi ni jina la mpango mmoja wa kushambulia, vidole viwili ni mpango mwingine, na paja ni kuwaambia wenzake wasubiri. Akachukua vifungo vya nguo kwenye kopo langu, akavipanga juu ya meza ya cherehani, akanionyesha nani anakwenda wapi. Nilielewa. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na wiki ile nilipita mara kwa mara karibu na yule muuza mayai kuhakikisha kwamba anauza mayai kweli.

Kila Jumapili jioni kaka yangu alipiga simu. “Vipi?” anauliza. “Bado naangalia,” namjibu. Ukuta wa nyumba yangu ni mwembamba, na nilijua kwamba upande wa pili kuna mtu ameacha kuosha vyombo ili asikie.

Ile ligi yenyewe nilisimuliwa na kocha, tena si kwa kupenda kwangu. Tulikuwa tukienda Mombasa kwa basi la shule moja lililokodishwa, na pale Miasenyi dereva akasimama wasichana wakanunue maji na matunda. Kocha hakushuka kwa sababu ya magoti, na mimi sikushuka kwa sababu kutoka dirishani niliweza kumwona binti vizuri zaidi. Tukabaki wawili. Nikaona ndiyo nafasi ya kumhoji.

“Hayo magoti umeyapata wapi?” nikamuuliza.

“Ligi hii hii,” akasema.

Akaniambia kwamba zamani timu nyingi za wanawake zilikuwa za mashirika ya serikali, benki, na kampuni za bima. Hukuwa unalipwa kucheza. Ulikuwa unapewa kazi, na mpira ulikuwa jambo la jioni. Yeye alionwa akiwa msichana hapa Voi, akipiga mpira kwenye ringi isiyo na wavu, na watu wa shirika moja la Nairobi wakamchukua wakamkalisha kwenye chumba cha simu, kazi yake kuunganisha watu waongee. Jioni alicheza. Alisema kulikuwa na mahasimu waliochukiana uwanjani kisha wakashonewa nguo na fundi mmoja. Alisema wake wa mabosi walikuja kutazama, na ukumbi ulijaa. Kisha mashirika yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine, na timu zikafa pamoja nayo.

“Yenu ilikufaje?” nikauliza.

“Tulikwenda mazoezini tukakuta ringi zimeng’olewa. Karani akatokea getini akatuambia jamani, hakuna timu. Siku hiyo hiyo nikajua pia hakuna kazi, na chumba nilichokuwa nikilala kilikuwa cha shirika.”

Alirudi Voi na begi moja. Baada ya hapo, akasema, ligi ilikuja kushikwa na vyuo vikuu, na kampuni chache zenye moyo, na timu kama yetu zinazobembeleza basi kila wiki. Nilimsikiliza kwa makini, na yalinigusa, siwezi kukataa. Lakini moyoni nilisema mtu aliyetendewa hivi halafu anawafundisha watoto wa wenzake njia ile ile, huyo ana lake jambo. Wasichana wakapanda, basi likaondoka.

Mombasa ndipo nilipomwona kwa mara ya pili yule mwanamume wa kofia ya buluu.

Mara ya kwanza ilikuwa Voi, na sikumjali sana. Alikaa peke yake, simu mkononi, ameielekeza uwanjani. Sasa alikuwa Mombasa, kofia ile ile, na simu haikufuata mpira. Ilimfuata binti yetu. Mpira ukiwa upande huu na binti akiwa upande ule, simu ilikuwa upande ule. Filimbi ya mwisho ilipokaribia alisimama akaondoka, kama mtu asiyetaka kusalimiwa.

“Unamjua yule wa kofia?” nikamuuliza binti.

“Nani?” akasema, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Moyo ulinishuka. Nimeishi na mtoto huyu tangu hajui kusema vizuri, na hajawahi kuniuliza “nani” ilhali anajua ni nani. Njia nzima ya kurudi sikusema naye. Nyumbani akaanza kuamka kabla yangu, akateka maji, akafagia, akapiga pasi hadi vitambaa vya wateja, na kila alipozidi kuwa mwema mimi nilizidi kuogopa. Jumapili kaka yangu akapiga simu. “Vipi?” Nyuma ya ukuta hata sahani haikulia. “Bado naangalia,” nikasema. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nilijua hivyo, na bado nikasema vile.

Tulipokwenda Nairobi sikukaa na wazazi wengine. Ilikuwa ndani ya ukumbi, sakafu ya mbao inayong’aa, na viatu vinalia kila mtu anapogeuka. Nilisimama nyuma ya nguzo mpaka nikaiona ile kofia, kisha nikapanda nikakaa mstari mmoja juu yake, nyuma ya bega. Mechi ikaanza, simu ikatoka. Nikainama nichungulie. Nilitarajia kuona uso wa mtoto wangu. Niliona miguu yake. Miguu tu, kuanzia magotini kwenda chini, ndani ya ile suruali nyeusi, na kidole cha yule mtu kinavuta picha iwe kubwa zaidi.

Sikumbuki niliteremkaje. Nakumbuka nimeshika kola yake na mkono wangu wa kushonea, na watu wamegeuka.

“Unatafuta nini kwenye miguu ya mtoto wa watu?”

Alikuwa mtu wa bara, mpole kwa umbo, na alishtuka mpaka simu ikaanguka. “Mama, pole, mama. Naangalia vile anatua.”

“Anatua nini?”

Akaokota simu akanionyesha. Binti anaruka, binti anashuka, taratibu sana. “Ona, anashuka na miguu yote mbili. Wengi wanashuka na moja, ndiyo wanaharibu magoti. Hakuna mtu amemfundisha hii kitu, ama kuna mtu?” Akaniambia yeye kazi yake ni kutafuta wachezaji wa timu moja kubwa ya pale pale Nairobi, na kwamba picha zile zinakwenda kwa meneja, mwanamke, ambaye ningeweza kuongea naye sasa hivi kama nataka.

Niliachia kola. Lakini hasira haikuwa imekwisha, na nilitaka imfikie aliyemtuma pia.

“Kijana,” nikamwambia, “nyumba yetu ina mlango. Msichana wa kwetu haokotwi kwenye viwanja. Mkimtaka, leteni wazee mkae, mseme, mjibiwe.”

Nilidhani nimemfukuza. Akasema, “Sawa mama,” kwa heshima kabisa, akaniuliza Voi ni mtaa gani.

Binti nilimngoja tufike nyumbani. “Ulimjua,” nikasema.

“Alinisalimia Mombasa. Nikamwambia siongei na mtu shangazi asipojua.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia ungesema nitoke.”

Na ilikuwa kweli.

Haikupita muda, asubuhi moja kocha akanitumia ujumbe kwamba wageni kutoka Nairobi watakuja Jumapili, baada ya sala ya alasiri, kwa kaka yangu, kama nilivyoagiza. Kwa hivyo ni yeye aliyewaelekeza. Nilivaa buibui nikamfuata kiwanjani asubuhi ile ile. Alikuwa peke yake, anafagia vumbi kwenye saruji.

“Unapata nini wewe?” nikamuuliza. “Yule ndiye mchezaji wako bora. Akiondoka hamtabaki kwenye ligi. Na wewe mwenyewe umeniambia walivyokutupa. Sasa umekuwa mshenga wao. Unapata nini?”

Aliegemea ufagio. “Sipati kitu. Tutashuka daraja, najua.”

“Basi mbona?”

“Mama, mimi walipokuja kunichukua, baba alikunywa nao soda, akafurahi. Hakuna mtu aliuliza nitalala wapi. Hakuna mtu aliuliza kampuni ikifungwa itakuwaje. Sikuwa na mtu wa kushuku kwa niaba yangu.” Akarudi kufagia. “Yeye ako na wewe. Njoo na maswali yako yote Jumapili. Usiache hata moja.”

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumwambia maneno makali, nikarudi nayo yote.

Jumapili nyumba ya kaka yangu ilijaa. Hakuna aliyealikwa, lakini posa haifichiki. Majirani waliona gari la Nairobi, wakaona mzee mwenye koti na fimbo, wakaja na kahawa na kashata bila kuitwa. Wageni walikuwa watatu: mzee yule, meneja mwenyewe, mwanamke mrefu aliyejifunga leso mpya juu ya suruali, na yule kijana wa picha, bila kofia, ndani ya suti. Kocha akakaa kati yao na sisi, kama mshenga anavyokaa. Walileta sukari, majani ya chai, na blanketi zito la baridi, kwa sababu kwao posa haiendi bila blanketi. Kaka yangu alilipokea akaliweka mapajani, Voi hii ya jua, jasho likamtoka, na kwa adabu hakuliondoa mpaka mwisho.

Mzee akasimama, akakohoa. “Tumepita njia,” akasema, na ilionekana amefanya mazoezi, “tukaona ua limechanua katika boma lenu.”

“Ua hilo lina futi sita,” akasema kaka yangu, na hakuwa anatania.

Jirani yangu mmoja, mwanamke asiyeweza kukaa na swali, akaninong’oneza kwa sauti iliyosikika chumba kizima. “Bwana harusi ni yupi? Huyu wa suti?”

“Hakuna bwana harusi, mama,” akasema meneja. “Ni timu.”

Jirani akafikiri. “Timu nzima?”

Watu walicheka sana, hata kaka yangu nyuma ya blanketi. Mimi sikucheka. Nilikuwa na maswali yangu kichwani na sikutaka hata moja lidondoke. Meneja akaeleza: nafasi katika timu, kazi ofisini kwa kampuni inayoilea timu, na jioni masomo ya chuo. Nikaanza. Atalala wapi? Na nani? Jikoni kuna nani? Mechi ikiangukia Ramadhani itakuwaje? Akiumia goti atatibiwa na nani, na kazi yake itamngoja? Alinijibu moja moja, bila haraka, na pale asipojua alisema hajui. Kijana wa picha aliongeza kwamba msichana mwingine wa timu hufunga, na hufuturu kwenye benchi.

Kisha nikauliza lile nililokuja nalo.

“Timu zote alizonitajia kocha zimekufa,” nikasema. “Yenu itakufa lini?”

Kaka yangu akanikazia jicho. Mzee wa Nairobi akaiangalia fimbo yake.

Meneja alimtazama kocha, na nikaona wamejuana. Baadaye niliambiwa walikuwa wakikabana uwanjani enzi zile, kila mmoja na timu yake, na kwamba ya meneja ilikufa baada ya ile ya kocha. “Sijui, mama,” akasema. “Hata sisi hatukujua. Inaweza kufa mwakani. Lakini ada ya chuo tunaiweka yote kwa jina lake, si kwa jina la timu. Sisi tukianguka, yeye atamaliza kusoma. Na siku hiyo ikifika hataambiwa na karani getini. Nitakuja kukwambia wewe mwenyewe.”

Nilimkagua uso nitafute uongo, na nina macho ya kutafuta uongo. Sikuuona. Nilikasirika kidogo kwa kuukosa.

Kaka yangu akanigeukia. “Wewe ndiye uliyekuwa ukiangalia,” akasema. “Aende au asiende?”

Wote wakaningoja. “Aulizwe mwenyewe,” nikasema.

Kwetu msichana anayeposwa haji mbele ya wageni. Anakaa chumba cha ndani, na shangazi ndiye anayeingia kumuuliza na kutoka na jibu. Akinyamaza, kimya chake ni ridhaa, maana inasemekana msichana ana haya ya kusema nataka. Akilia kilio cha uchungu, hataki. Nilipita pazia nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, magoti yamepanda juu kwa urefu wake, mikono katikati ya magoti.

“Umesikia yote,” nikamwambia. “Unakubali?”

Kimya.

Kwa mila ningegeuka nikatoka na kimya kile. Lakini mimi siamini hata maziwa. Nikakaa karibu naye. “Nataka unitamkie.”

“Utakaa na nani?” akasema.

“Hilo si jibu.”

“Ndilo linalonizuia.”

“Tuseme hilo halipo.”

Akajifunika uso kwa viganja, akaanza kulia, na ndani ya kilio kile akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtoto anayeulizwa kama ana njaa. Nilimshika kichwa. Nikamwambia nina cherehani, nina majirani wanaoingia bila hodi, na nina swali moja au mawili ya kumwuliza yule muuza mayai. Akacheka na machozi yake. Nikasimama.

Kutoka kwenye pazia hadi pale walipokaa wageni ni hatua chache, na nilisimama. Walikuwa wamesikia kilio. Ningetoka nikasema amelia, na hakuna neno ambalo lingekuwa uongo. Kaka yangu angerudisha blanketi kwa furaha. Gari lingeondoka, kocha angebaki na mchezaji wake, nami ningerudi nyumbani na mtoto wangu jioni ile ile, tukapika. Maisha yangu yote nimewashuku watu, wauza maziwa, mafundi, waamuzi, vijana wa mayai. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyouogopa mdomo wangu mwenyewe pale kwenye pazia. Nilikuwa nampenda sana, na nilijua mapenzi yale yanaweza kusema chochote.

Nikatoka. “Amekubali,” nikasema.

“Amesema kwa mdomo wake?” akauliza kaka yangu.

“Nimemuuliza mara mbili. Amekubali.”

Kaka yangu akafuta jasho, akasema alhamdulillahi, na mzee wa Nairobi akarudia baada yake alivyoweza. Wakangoja. Katika mtaa wetu mimi ndiye ninayeanza vigelegele, posa zote, harusi zote, na wanawake hawaanzi mpaka nianze. Nilifungua kinywa. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, ulimi ukakataa kabisa, nikabaki nimesimama mbele ya watu wote, kinywa wazi, machozi yananishuka shingoni. Ndipo pazia likafunguka nyuma yangu, na yule anayeposwa, ambaye hatakiwi kuonekana, akatoka na urefu wake wote, akanishika mabega, akapiga vigelegele yeye.